Ng'ombe wa Mzee Gahigi na Sufuria ya Ubatizo

Macho yangu yamekataa moshi. Daktari wa macho mjini Mbarara alinimulika kwa taa yake ndogo, akaniuliza nimepikia kuni tangu lini. Nikamwambia tangu nilipotoka shule ya sekondari. Akacheka, akasema basi inatosha. Ndivyo nilivyostaafu nikiwa na miaka arobaini na kitu, umri ambao wenzangu wengine ndio kwanza wanapata kazi ya maana. Sasa nakaa Kamukuzi kwa dada yangu, na nimepewa kiti kizuri cha kukalia mlangoni. Kukaa siwezi. Kila mara natafuta kisingizio cha kupanda gari la kambi ya wakimbizi ya Nakivale nije kuwaona ninyi mnaopika kwenye mikutano ya makanisa, na kila nikija mnaniambia, "Mzee, tuandikie basi." Mzee! Haya, nimekubali uzee pamoja na kazi yake.

Naandika Kiswahili kwa sababu jiko lenu la siku hizi lina Mkongo kwenye moto, Mrundi kwenye kumenya, Mnyarwanda kwenye kugawa, na Mnyankole anayesimamia ndizi zake kama watoto. Mimi Kiswahili nilikiokota njiani, Bukoba, Goma, na kwenye nyumba za askari pale Mbarara ambako nimepika harusi nyingi. Enzi zangu Nakivale tulikuwa karibu sote Wanyarwanda, kwa hiyo maneno mengi mtakayosoma hapa yalisemwa kwa Kinyarwanda. Nimeyavusha kadiri nilivyoweza.

Nianze na moto, maana mnauharibu. Mfereji wa moto huchimbwa kufuata upepo, si kuukinga. Yule kijana wa Bukavu aliniambia wiki iliyopita, "Mzee, hapa fasi ni mubaya, moshi mingi!" Fasi, mahali penyewe, haina kosa, ndugu yangu. Umeuchimba ukiwa umeupa upepo mgongo. Simama, lowesha kidole, ukinyooshe juu, upande utakaopoa ndiko upepo unakotoka. Kisha ndizi: usizipike ndani ya maji. Panga vikonyo vya majani ya mgomba chini ya sufuria, maji yaishie hapo, funga ndizi kwa majani mpaka zisione hata jua, halafu ziache. Kufunuafunua ni ugonjwa wa wapishi wapya. Ndizi haikimbii.

Na kama kuna watu wamegombana, wape kisu na wakae wamenye. Hili nilifundishwa na Mama Foibe, mpishi mkuu wa kanisa letu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Watu wawili wakija jikoni wanabishana, hakuwauliza nani ana haki. Alikuwa akiwasukumia mkungu mmoja katikati na kusema, "Endeleeni, lakini mikono isilale." Wengi walichoka kubishana kabla mkungu haujaisha.

Siku hizi kila mlaji ana sahani yake ya plastiki. Ni safi, ni haraka, nami sizipingi. Lakini kuna jambo mmelipoteza. Zamani tulikula kwa kuzunguka sinia, watu sita au saba, mkono karibu na mkono. Mtu asiyekula alionekana mara moja. Kwenye sahani ya plastiki mtu anaweza kuchezea chakula chake, akakimwaga nyuma ya kanisa, akaondoka kanisani kabisa, na mpishi asijue. Kwenye sinia haifichiki. Mpishi wa kanisa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona ugomvi, kabla ya mchungaji, kabla ya wazee wa kanisa.

Kule Masha nilishuhudia mwenyewe. Kanisa dogo la wafugaji lilibishana kuhusu togwa ya ndizi, kama ikilala siku moja ni kinywaji au ni pombe. Wenye kujua walijua si pombe. Wenye kuogopa waliogopa. Mzee mmoja akaona atumie akili: siku ya mavuno tuwe na vyungu viwili, kimoja huku, kimoja kule, kila mtu afuate dhamiri yake. Ilionekana hekima tupu. Mwaka uliofuata nilipopita, kulikuwa na makanisa mawili, moja huku, moja kule, palepale vilipokaa vile vyungu. Mama Foibe alilijua hilo kanisa, kwa hiyo siku yetu ilipofika hakutaka hata kusikia neno "sufuria mbili".

Siku yetu ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita kutulia na barabara ya Mbarara kuanza kupitika tena. Nakivale kulikuwa na mama mmoja, Bibi Kankindi. Kabla hajaja kwetu alikuwa mtu mkubwa wa mizimu. Watu walitoka mbali kuja kwake, walimpelekea watoto wagonjwa, walimpelekea ng'ombe wawekwe wakfu kwa mizimu ya ukoo. Ng'ombe aliyewekwa hivyo hakuguswa ovyo. Maziwa yake yalikuwa ya wahusika tu, na nyama yake, akichinjwa, ililiwa kwenye ibada ya mizimu, kwa mpango wake na kwa maneno yake. Bibi Kankindi aliyaacha yote hayo. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuja tu Jumapili moja, akakaa nyuma, akaja tena, mpaka Mwalimu Eriya akamwandikisha darasa la ubatizo.

Mwalimu Eriya ndiye aliyeongoza kanisa letu siku zote ambazo mchungaji hakuwapo, na mchungaji hakuwapo mara nyingi, maana alikuwa mmoja na makanisa yake mengi. Alifika Nakivale labda mara moja kwa mwaka. Mwalimu alikuwa mrefu, mwenye miwani, msomi wa Maandiko kwelikweli. Nasema kwelikweli kwa sababu hakujifanya. Alijua. Yeye ndiye aliyepitisha nani abatizwe na nani angoje mchungaji atakaporudi. Alimfundisha Bibi Kankindi kwa uvumilivu, na bibi alimpenda kama mtu anavyompenda aliyemshika mkono kwenye tope.

Kanisani kwetu tulikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine, nami nimezunguka. Siku ya karamu ya ubatizo, mmoja wa waliobatizwa, aliye mkubwa kwa umri, alifungua sufuria. Aliletwa mbele, akapewa tonge la kwanza na kipande cha kwanza, akala watu wote wakimtazama. Kabla hajameza, hakuna aliyegusa chakula. Mwaka ule, wa kufungua sufuria alikuwa Bibi Kankindi.

Ng'ombe wa karamu alitolewa na Mzee Gahigi, mkristo wa zamani, mwenye moyo mzuri na kelele nyingi. Mwanawe alikuwa ameponea chupuchupu kwenye vita, akarudi mzima, na mzee alitaka kumshukuru Mungu kwa kitu kinachoonekana. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mkavu, hazai tena, mnene, mwenye pembe ndefu na moja imepinda kuelekea jicho. Jumamosi asubuhi alikuja Mzee Hamisi, mchinjaji Mwislamu kutoka Mbarara, na pikapu yake. Tulimwita yeye kila mara ili majirani zetu Waislamu nao wale. Akachinja, tukachuna, tukaweka kichwa kando juu ya majani.

Nilikuwa nakata mbavu Bibi Kankindi alipoingia na wanawake wengine kuchambua maharage. Aliwasalimu watu, akanisalimu na mimi, akapita karibu na kile kichwa. Akasimama. Akainama, akaishika ile pembe iliyopinda kama mtu anayeshika mkono wa mtoto.

"Bihogo," akasema.

Mama Foibe akauliza, "Nani?"

"Huyu ni Bihogo. Nilimweka mimi mwenyewe kwa mizimu, akiwa ndama, nyumbani kwa marehemu kaka yake Gahigi."

Kila mtu akasema kwa pamoja. Mzee Gahigi aliitwa. Alikuja anatabasamu, akidhani anaitwa kushukuriwa. Alipoelezwa hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Nilimrithi kwa kaka yangu. Lakini mimi nilipookoka niliwaombea ng'ombe wangu wote, mmoja mmoja, nikiwashika vichwa. Huyu ng'ombe ameokoka!"

"Ameokoka?" Mama Foibe akauliza. "Alitubu lini, mzee?"

"Wewe cheka. Nilimwombea mpaka akafumba macho."

Mzee Hamisi alikuwa anaosha visu vyake, akaongea na mimi kwa Kiswahili chake cha soko. "Sasa hawa wanagombana nini, kijana? Mimi nimechinja kwa jina la Mungu. Hiyo mizimu kama ilikuwa na kesi, si ingekuja kunishika mkono?"

Mimi nilicheka. Bibi Kankindi hakucheka. Alikuwa amekaa chini, amefunika mdomo kwa kiganja.

Hapo ndipo Mwalimu Eriya alipofika. Akasikiliza upande huu na upande ule, akavuta kigogo, akakaa mbele ya bibi. Alisema kwa upole, na kila alichosema kilikuwa sahihi. Kwamba Mungu ni mmoja. Kwamba mizimu haina kitu inachoweza kuweka ndani ya ng'ombe. Kwamba nyama ni nyama, na chakula hakimsogezi mtu kwa Mungu wala hakimwondoi.

"Nimekuelewa, Mwalimu," bibi akasema. "Ulishanifundisha hayo."

"Basi kesho utafungua sufuria."

"Sitaweza kula huyu."

"Mama, ukikataa, maana yake bado unaamini kuna kitu ndani. Na kama bado unaamini, nitamwambia nini mchungaji? Nitasema huyu yuko tayari kwa maji?"

Watu wakaangalia chini. Tulijua maana yake. Mchungaji alikuwa anafika kesho yake asubuhi na kuondoka jioni. Asipobatizwa kesho angengoja mpaka siku nyingine isiyojulikana, na mama wa mizimu anayerudishwa mlangoni mwa kanisa mbele ya watu wote huenda asirudi tena. Majirani zake wa zamani walikuwa wanangoja tu. Wengine walishaanza kumwambia, "Utarudi kwetu, bibi. Viti vyako tunavifuta vumbi."

Mama Foibe akajaribu. "Mwalimu, si afungue na ndizi tu, akalamba na mchuzi kidogo?"

"Mchuzi wa nini? Wa nyama hiyohiyo?"

Mtu mwingine akasema kuwe na sufuria mbili, ya nyama na ya wasioweza nyama. Mama Foibe akamtazama mpaka akaondoka mwenyewe kwenda kutafuta kuni.

Bibi Kankindi akasema, "Mwalimu, wewe unajua hakuna kitu kwa sababu hukuwahi kuingia. Mimi nilikuwa ndani. Ile ladha bado naikumbuka. Nikila, mdomo wangu utafika kule kabla ya moyo wangu kuamua."

"Hiyo ni hofu, mama. Hofu tunaishinda kwa kujua."

Bibi akainua kichwa. Halafu akatoa kiganja mdomoni. "Sawa," akasema. "Nitakula. Ukiniambia nile nitakula, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Niambie tu jambo moja. Kule zamani, baada ya kula nyama ya ng'ombe kama huyu, kulikuwa na maneno ya kusema. Mtu hakuondoka hivihivi. Sasa kesho nikishameza, niseme yapi?"

Vijana, nimepika kwenye mikutano mingi na nimesikia mahubiri ambayo nimeyasahau kabla maji hayajachemka. Lakini uso wa Mwalimu Eriya siku ile siujasahau. Alikuwa ameshinda. Alibishana kwa haki, bibi amekubali, mambo yamekwisha. Na pale aliposhinda ndipo alipoogopa. Aliona kwamba yule mama angekula kwa ajili yake, angemeza akiwa kwenye ibada ya zamani, na angetafuta kwake yeye, Eriya, maneno ya kufunga ibada hiyo. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Akainuka, akaenda kusimama karibu na ukuta wa kanisa, mgongo kwetu.

Hatukujua anafanya nini. Mama Foibe aliendelea kumenya. Mzee Gahigi alinong'ona, "Anaomba au analia?"

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwa Mzee Hamisi. "Mzee wangu, pikapu yako inaondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kwa nini, ssebo, bwana wangu?"

"Unaweza kuichukua nyama yote hii? Kule mjini ina walaji, kule kambini kwa askari ina walaji. Sisi tuletee karanga na maharage badala yake, kadiri utakavyoona ni haki."

Mzee Hamisi alimtazama, akaitazama nyama, akamtazama tena. "Yote? Na wewe hujali hiyo mizimu, nimekusikia."

"Sijali. Kula hakunidhuru. Lakini kuacha nako hakunidhuru. Mwenzangu kula kunamdhuru."

Hamisi akatikisa kichwa, akaanza kupanga mapaja kwenye majani. "Karanga nitaleta alfajiri. Nzuri, si zile za kubahatisha."

Sasa msidhani watu walishangilia. Hapana! Mtu wa kambini kwetu alikuwa anaonja nyama Krismasi na siku za ubatizo, basi. Watu walinung'unika wazi. Mmoja akasema, "Mwalimu kala zake Mbarara nyumbani kwa mchungaji, ndiyo maana anatuachisha." Mwalimu alisikia. Mzee Gahigi ndiye aliyeumia kabisa. Zawadi yake ya shukrani ilikuwa inapakiwa kwenye pikapu mbele ya macho yake. Mwalimu alimfuata, akamkalisha. Sikusikia yote waliyosema, lakini mwishoni nilimsikia mzee akisema, "Mwanangu amerudi mzima, Mwalimu. Nilitaka watu wale, washibe." Na Mwalimu akamwambia, "Watashiba. Njoo unisaidie washibe." Akamleta jikoni, wakapewa visu wote wawili. Kwetu wanaume hawakuwa na kawaida ya kumenya ndizi. Walivyomenya, nusu ya ndizi ilikuwa inaondoka na ganda. Mama Foibe aliyapekua maganda yao, akasema, "Mbuzi wa kijiji hiki kesho nao wana ubatizo."

Watu wakaanza kucheka, na aliyekuwa ananung'unika akavuta kisu naye akaanza kumenya.

Mchuzi wa karanga wa watu wengi una mitego yake, nayo ndiyo niliyojifunza asubuhi ya siku ya ubatizo. Kaanga karanga kidogo tu, zikiungua mchuzi wote huwa mchungu. Twanga ziwe laini kabisa. Maji yaingie kidogo kidogo, moto uwe mdogo, na mwiko usisimame, kwa sababu ukiachia mchuzi unakatika, mafuta juu na unga chini. Mzee Hamisi alileta karanga alfajiri kama alivyoahidi, pamoja na gunia la maharage, tukatwanga mpaka mabega yakawaka moto.

Mchungaji akafika, akabatiza. Bibi Kankindi akatoka majini na jina jipya, Sipora, lakini sisi tuliozoea tuliendelea kumwita Kankindi na yeye aliitika yote mawili. Tukamleta mbele ya sufuria. Watu walijaa mpaka nje ya ua. Walikuwapo Waislamu wa jirani, walikuwapo pia wale waliokuwa wanamfutia viti vumbi, wamesimama pembeni wamekunja mikono. Mzee Gahigi alikuwa mstari wa mbele. Mwalimu Eriya alisimama nyuma ya bibi, mikono mgongoni, na mimi niliyeshika sinia nilikuwa karibu vya kutosha kuona vidole vyake vikikamatana.

Mama Foibe akampa tonge la ndizi lililochovywa kwenye mchuzi wa karanga. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, akala. Akatafuna polepole. Hakuna aliyekohoa. Akameza. Halafu akafungua macho, akamgeukia Mama Foibe, akamwambia kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia:

"Mwanangu, hamkutia chumvi."

Sekunde moja hakuna aliyeamini. Kisha Mzee Gahigi akaanza, kicheko cha mtu mnene kinachotoka chini, na kikaenea kama moto kwenye nyasi kavu. Mama Foibe aliweka mikono kiunoni, akapaza sauti, "Mwalimu alinichanganya! Nani atakumbuka chumvi na ng'ombe anarudi Mbarara?" Mwalimu Eriya alicheka mpaka akakaa chini, juu ya majani ya migomba, na miwani yake na suti yake ya Jumapili. Bibi mwenyewe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, ameshika mkono wa Gahigi. Baada ya kumeza alikuwa amepata maneno ya kusema, na hayakuwa ya zamani.

Nilikimbia jikoni kutafuta chumvi. Niliporudi nayo, mikono ilikuwa tayari kwenye sinia, na nusu ya sufuria ya kwanza ilikuwa imekwisha bila hiyo.